Puliza

Mhudumu wa Ndanda kampa baba mrija wa plastiki,
kamwambia: "Vuta hewa yote, kisha puliza.
Puliza, puliza, usiache, puliza!"
Baba akanitazama.
Neno hilo analijua kuliko jina lake.

Miaka ishirini na sita akiitwa apulize.
Njoo Kitangari, njoo Mkwiti,
mzee Chingwile, nina mikorosho mia mbili, unakuja lini?
Naye hubeba mashine mgongoni,
injini ikinguruma juu ya figo,
tangi limejaa salfa, unga wa njano,
akaingia shambani alfajiri
upepo haujaamka,
umande ungali kwenye majani ili unga ushike.

Ukashika.
Ukashika maua, ukashika kope,
ukashika shati ambalo mama alilifulia beseni lake peke yake,
ukashika na pale ambapo hapafiki beseni.

Kinga yake ilikuwa kipande cha kanga kuukuu
kilichobakiwa na neno moja la msemo wake: SUBIRA.
Alikifunga puani, kikageuka njano.
Akirudi alikunywa maziwa kikombe kizima,
maana walisema maziwa huosha kifua.
Maziwa yalikwenda tumboni.

Sitaki kuisema vibaya salfa.
Bila hiyo ubwiriunga hula maua yote,
na ada yangu ilitoka humo,
na godoro, na bati hili linalotulia mvua.
Nilisoma kwa pumzi zake.
Hilo ndilo ninalolihesabu usiku
nikimsikia ameketi kitandani
akipanda mlima wa Newala bila kuondoka.

Kikohozi kilikuja kama mgeni wa siku moja.
Kikaomba kulala. Kikaleta mkeka.
Jirani walisema karogwa.
Zahanati walisema kifua kikuu;
makohozi yakapimwa mara tatu, mara tatu hamna kitu.

"Unavuta sigara?"
"Sijawahi!" akajibu, karibu kwa fahari,
akakohoa hadi fahari ikaisha.
"Na nyumbani mnapikia nini?"
Hapo mama, Somoe binti Nambuta,
akaingiza mikono ndani ya ushungi,
vidole vyeusi vya kubangulia korosho:
bati lililotobolewa, magome yakilia na kutema mafuta,
moshi mzito ukitafuta mlango
na mlango wa karibu ni pua ya mtu.
Yeye pia hukohoa. Hakuna aliyempa mrija.

Daktari akachora mti juu ya karatasi,
mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini.
"Haya ndiyo mapafu, mzee."
Baba akaukagua kama anavyokagua shamba la watu.
"Matawi haya ya chini yamekauka."
"Yamekauka."
"Yatachipua?"
Daktari akafunika kalamu yake.

Alitupa dawa ya kuvuta, kichupa cha buluu,
akatuambia moshi ukae nje, salfa ikae mbali.
Mbali ni wapi?
Nyumba yetu imezungukwa na mikorosho kama kidonda na nzi.

Leo ni Juni. Alfajiri hii injini imelia
kwa kina Mnalidi, ng'ambo ya ua.
Ni Hamdani anapuliza, kijana wa miaka kumi na tisa,
uso wazi, fulana imevutwa hadi kidevuni.
Baba ameamka. Anahesabu kwa sikio:
mti wa nne, wa tano. Wa sita kauruka.
"Anasimama upande mbaya," anasema,
"upepo unamrudia. Mwambie ageuke. Mwambie..."
Sentensi inamwishia njiani.

Ninalowesha kanga, naitundika dirishani.
Kisha natoka nje, nimeziba pua kwa kiganja,
namwita Hamdani kwa sauti yangu yote.
Injini haisikii.
Nikifungua mdomo kuita tena
naonja kitu kwenye ulimi, kama kiberiti,
naye mama kaniwahi mlangoni,
kikombe cha maziwa mkononi.